Tope Lirudi Mferejini

Siku katapila la Mukhtar Shanan lilipozamisha ndoo yake ya kwanza kwenye mfereji wa Um Talha, Injinia Ihsan Bakri alikuwa amesimama ukingoni na darubini yake ya kupimia, na kabla ya saa nne asubuhi alikwishajua kwamba dereva anachimba kupita kiasi. Kanuni ya kazi yake haikuwa na utata. Simamisha mashine, andika barua, mrudishe mkandarasi kwenye kipimo. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Ihsan akafunga daftari lake, akaenda kwenye kivuli cha gari la Mukhtar, akaomba chai.

Aliinywa polepole, sukari nyingi, huku akitabasamu. Mukhtar, mzee mnene aliyevaa kanzu nyeupe isiyojua vumbi, alifurahi kupata msimamizi mpole namna ile. Angejua lile tabasamu limetoka wapi, angepakia mashine zake siku hiyo hiyo akarudi Khartoum.

Huku kwetu Jazira, katikati ya Nili mbili, tunaishi kwa mifereji. Maji tunayapenda, lakini hayaji peke yake. Kila mwaka ifikapo Julai, mto unashuka mwekundu kutoka milima ya Wahabeshi, umebeba udongo wa watu, na udongo ule unakuja kulala kwenye mifereji yetu. Usipoutoa misimu miwili, majani yanaota. Usipoutoa mitatu, ng'ombe anavuka bila kulowa magoti, na mashamba ya mkiani mwa mfereji yanabaki kusikia habari za maji kwa wapita njia.

Baba yake Ihsan, Bakri Wad Hamdan, alikuwa mlinzi wa lango la Um Talha. Yeye ndiye aliyefungua na kufunga, na kugawa zamu za maji, na funguo za malango zilining'inia kiunoni mwake mchana kutwa. Mukhtar Shanan wakati huo alikuwa injinia kijana wa serikali, mwenye dhamana ya kuhakikisha mfereji unazolewa tope kabla ya msimu. Mwaka ambao Ihsan alikuwa na miaka tisa, Mukhtar aliipeleka mashine kwenye mashamba ya bwana mmoja mkubwa ambaye yeye Mukhtar alitaka kujipendekeza kwake, kisha akatia saini kwamba mfereji wa Um Talha umesafishwa. Maji yalipofunguliwa yalifika nusu ya njia yakasimama. Karanga za watu wa mkiani zikakauka, mtama ukafuata.

Watu walikwenda ofisini kwa hasira, na Mukhtar akaja na gari. Alipanda juu ya daraja la lango, akainua karatasi yake.

"Mfereji ni msafi, saini hii hapa," aliwaambia. "Maji yenu yameuzwa. Muulizeni mwenye funguo."

Kisha akashuka, akamvua Bakri funguo kiunoni mbele ya kijiji kizima, mbele ya mkewe, mbele ya Ihsan.

Tangu siku ile hakuna aliyekanyaga nyumba ya Bakri. Kahawa ilikaangwa, harufu ikatapakaa mtaa mzima, wala asije mtu. Sikukuu waliwapelekea majirani sinia za chakula, zikarudi hazijaguswa. Bakri aliishia kupalilia pamba za watu waliokuwa hawamwamkii, na baada ya miaka minne akafa. Mazishini walikuja, kwa kuwa mazishi ni mazishi, lakini waliondoka wote bila kunywa chai ya msiba. Kwetu kuondoka msibani bila kunywa chochote ni tusi ambalo wajukuu wanasimuliwa. Ihsan, mwenye miaka kumi na mitatu, alisimama mlangoni akawatazama migongo mmoja mmoja. Hakulia. Jumamosi, shule ilipofunguliwa, alikwenda akamuuliza mwalimu, mtu akitaka kuwa na cheo kama cha Injinia Mukhtar anasoma somo gani. Mwalimu akamwambia hesabu.

Basi akazivamia hesabu. Chuo kikuu, wenzake walikuwa wanahangaika na madaraja na maghorofa, yeye kazi yake ilikuwa kuuliza habari za tope tu. Linatembeaje, linatua wapi, linatoka vipi. Profesa wake mmoja alishindwa kuvumilia.

"Binti, kuna mambo mazuri mengi katika uhandisi. Mbona wewe umeng'ang'ania matope?"

"Kuna mtu nitakutana naye humo, profesa."

Profesa alidhani ni mchumba.

Miaka kumi na miwili alifanya kazi kwenye mifereji ya Medani na kusini yake, akitembea kingoni na viatu vya mpira, mtandio umefungwa kiunoni. Wanaume mwanzoni walimcheka. Dereva mmoja alimwambia mwanamke kwenye mfereji anafaa kufua. Ihsan akamjibu kwamba atamfua yeye, na kweli alimrudishia kazi yake mara tatu mpaka yule bwana akajifunza kuchimba mstari ulionyooka. Alikuwa fundi. Alichukua tope kidogo akalisugua kati ya vidole, akakuambia hili ni la mwaka huu, hili la mwaka juzi. Mifereji aliyoisimamia ilifikisha maji mpaka shamba la mwisho, na wakulima wa huko walimpenda kupita kiasi. Yeye alikuwa anangoja.

Mukhtar aliacha serikali, akafungua kampuni ya makatapila. Jina lake lilipotokea kwenye kazi ya Um Talha, Ihsan alikwenda kwa mkubwa wake kuomba apelekwe kuisimamia. Mkubwa akashangaa, akamwambia kule ni mwisho wa dunia. Ihsan akasema ni kwao.

Na Mukhtar hakumtambua. Akina Bakri ni wengi Sudani. Alimwita "binti yangu", akamkaribisha chai, na mashine zake zikaendelea kwenda chini.

Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wetu hawalielewi mpaka leo, hata uwaeleze kwa fimbo. Mkandarasi analipwa kwa udongo aliotoa, kwa hiyo yeye akichimba sana anafurahi. Lakini wakulima nao wanafurahi. Wanaona mfereji wenye kina ndio wenye maji mengi. Mfereji si kisima. Maji yanayoingia ni yale yale yaliyoruhusiwa kule kichwani mwa mfereji, na ukishusha sakafu, uso wa maji unashuka nao, midomo ya mabomba ya mashambani inabaki hewani, na mkulima anasimama ukingoni akiyatazama maji yanampita chini ya miguu. Tope likizidi huna maji, na tope likipungua kupita kiasi huna maji vilevile. Wanakijiji wa Um Talha hawajawahi kulikubali hilo. Siku ya tano walimchinjia kondoo dereva wa katapila ili aongeze kina. Walimlisha vinono, wakamshangilia, naye akashusha ndoo kwa moyo wote.

Ihsan alikuwepo. Alipewa hata ubavu, akala. Kwa siku kumi na moja alipima kila asubuhi, akaandika kila namba, hakusema neno.

Simtetei. Mashamba yale yalikuwa na watoto wa kulishwa, na yeye alijua. Alikuwa amepiga hesabu kwamba tope likirudishwa kwa haraka, litarudi kabla ya siku ya kufungua maji, na siku nne zitabaki. Lakini ingenyesha, au mashine ingeharibika, msimu ungekwenda. Alicheza na riziki za watu, na alijua anacheza, na kila akikumbuka ile migongo msibani roho ilimtulia.

Siku ya kumi na mbili alimwita Mukhtar langoni.

"Injinia, leo una sura ya kazi," Mukhtar alimtania.

"Shuka mferejini, mzee wangu. Leo nataka ufito wa vipimo uushike mwenyewe."

"Mimi? Vijana wangu wapo."

"Vijana wako sitaki. Shuka."

Wakulima walikuwa wameanza kukusanyika, na Mukhtar hakutaka kuonekana anaogopa tope. Alipandisha kanzu, akateremka, akausimamisha ufito. Ihsan akaweka jicho kwenye darubini, akasoma kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo.

"Sentimita sabini na tatu chini ya kipimo. Sogea."

Akasogea.

"Sentimita themanini na moja. Sogea."

Kufikia kituo cha sita kanzu haikuwa tena ya kuitwa nyeupe, kiatu kimoja kimebaki njiani, na Mukhtar alikuwa ameelewa.

"Ulikuwa hapa kila siku," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakunywa chai yako."

"Hii ni hila, binti."

"Huu ni mkataba, umetia saini. Aliyechimba kupita kipimo atafukia na kushindilia kwa gharama yake. Maji yanafunguliwa tarehe kumi na tano Juni. Una siku ishirini na tatu."

Kufukia na kushindilia kunakula mafuta na siku kuliko kuchimba, na Mukhtar alijua kwamba hakuna mkandarasi aliyewahi kuonekana Jazira akirudisha tope mferejini. Angechekwa kuanzia Medani hadi Managil.

"Wewe ni nani hasa?"

"Ihsan binti Bakri. Yule mwenye funguo."

Mukhtar alimkodolea macho, akakunja uso.

"Bakri yupi?"

Hakuwa anajifanya. Ihsan alimchunguza vizuri, akaona kabisa kwamba mtu huyu aliivunja nyumba yao kisha akaenda zake kula chakula cha mchana, akasahau. Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Aliikunja miguu ya darubini, na kama hapo kabla alikuwa na chembe ya huruma, hiyo nayo ilikwisha.

Mukhtar alipokumbuka, alikumbuka vizuri. Hakusimama na Ihsan, alikwenda kijijini. Akawaambia watu wa Um Talha kwamba yule msichana anataka kuwafukia mfereji wao kwa kisasi cha baba yake, na kwamba ni saini yake tu inayokosekana ili kazi ikamilike. Kijiji kikachemka. Asubuhi Ihsan alipopita dukani, mama mmoja alisema kwa sauti, bila kumtazama, "Baba aliyauza maji, mtoto anayazika." Wenzake wakacheka. Ihsan akanunua kiberiti chake akaondoka.

Siku ya tatu wasuluhishi wakaja.

Kwetu mtu akiwa na kesi nzito, anatafuta wazee wa heshima wamwendee mwenye kinyongo. Wanaingia, wanaketi, wanawekewa maji, na hawayagusi mpaka wapewe walichokuja kuomba. Hakuna mwenye nyumba anayeweza kuvumilia aibu ya wageni kukaa na kiu chini ya paa lake. Damu imesamehewa kwa njia hiyo. Walikuja watano, wakiongozwa na Ami Hamid, binamu wa marehemu Bakri, ambaye mara ya mwisho kuingia nyumba ile ilikuwa siku ya msiba. Gari la Mukhtar lilisimama nje, vioo vimepandishwa.

Mama yake Ihsan, Bi Batul, bado aliishi katika nyumba ile ile ya Bakri, chumba kimoja na uwanja wake pembezoni mwa kijiji. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kwa miaka yote binti yake alipochemka yeye alimwambia jambo moja tu, mwachie Mungu. Aliwatandikia wageni mikeka juu ya vitanda vya kamba, akaleta sinia ya shaba na mabakuli matano ya maji kutoka kwenye mtungi, akaiweka katikati, akaenda kuketi kizingitini.

"Binti yetu," Ami Hamid alianza, "maji tumeyaona, Mungu awabariki. Hatutayagusa mpaka utupe tunachotaka. Tia saini, jambo liishe."

"Basi msiyaguse, ami."

Mzee mmoja alikohoa. Neno kama hilo lilikuwa halijasikika Um Talha.

"Umesema nini?"

"Nimesema msiyaguse. Nikitia saini hamtapata maji shambani. Mabomba yenu yatakuwa juu ya maji kwa mkono mzima. Mnataka niwaonyeshe kwa namba?"

"Namba zako hazilimi, mwanangu," alisema mwingine. "Mfereji wenye kina ndio mfereji. Hata mtoto anajua."

"Ndiyo maana mnafikiri kama watoto."

"Batul, unamsikia binti yako?"

Bi Batul alikuwa anaangalia nje.

Ilikuwa mwisho wa Mei, na wanaoujua mwezi huo huku kwetu wanalijua joto lake. Adhuhuri ikapita. Wazee waliswali, wakarudi kuketi. Jasho liliwatoka, kisha likakoma kuwatoka, jambo ambalo ni baya zaidi. Mmoja alikuwa ameyakazia macho mabakuli kama paka aliyeona samaki. Ihsan aliketi mbele yao akijipepea na bahasha ya mkataba, na nitasema kweli, alikuwa anaona raha. Nyumba hii mliikimbia hamkutaka hata tone lake, alikuwa anawaza, leo kaeni mlitazame.

Alasiri akafungua kinywa.

"Mwambieni aliyewatuma ashuke garini. Aje aseme hapa alichomfanyia baba yangu. Akisema, tutazungumza."

Mukhtar aliingia. Hakukaribishwa kuketi. Aliongea haraka, macho ukutani.

"Mwaka ule mfereji haukusafishwa. Mashine niliipeleka kwingine, saini niliitia mimi. Bakri hakuuza maji. Nimesema. Sasa tia saini, tupumzike."

"Sasa tunazungumza," Ihsan alisema. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi mashine zako ziwe langoni. Tope lirudi mferejini, kilomita zote tisa, lishindiliwe. Nitakuwepo na darubini. Siku hata moja ikipotea, nitakuandikia barua itakayohakikisha hushiki tena kazi ya mfereji nchi hii."

"Umenihadaa."

"Nilisema tutazungumza. Nani alikuahidi saini?"

Ihsan hakuwa anamtazama tena. Alikuwa amegeuka kuwatazama wazee, kwa kuwa hicho ndicho alichokingojea tangu utotoni, nyuso zao zikisikia. Alizikuta hazina mshangao wowote. Ami Hamid alikuwa anajifuta shingo na ncha ya kilemba.

"Haya, si ameshasema?" Ami Hamid alisema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Na wala si habari ngeni, mwanangu. Sisi tulijua tangu mwaka ule. Mimi mwenyewe nilipita mferejini, hapakuwa hata na alama ya ndoo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na maji, tungegombana naye tungeyapata wapi? Baba yako alikuwa mtu mvumilivu. Yameisha. Tunywe."

Akanyoosha mkono kwenye sinia.

Hesabu zake zote, miaka yote ile, Ihsan alikuwa amempimia mtu mmoja. Alibaki ameshika bahasha, na ni Bi Batul aliyesimama. Alikuja kutoka kizingitini bila haraka, akaiinua sinia kabla kidole cha shemeji yake hakijaufikia ukingo wa bakuli, akaibeba hadi mlangoni, akayamwaga maji yote mchangani. Akabaki ameishikilia sinia tupu, akiwatazama wale wazee usoni mmoja baada ya mwingine, kwa zamu, hadi wa mwisho akainamisha macho.

"Kanyweni mferejini," alisema. "Binti yangu akishaufukia, yatawafikia."

Walinyanyuka kwa shida, magoti yamekufa ganzi, Mukhtar akiwa wa kwanza kutoka. Wakapapasa viatu vyao mlangoni, na hakuna aliyewasindikiza.